Lu ya Kitonga kwa majani ya nduma: venye unaipika Nairobi na nani anapakuliwa kwanza

Majani ya nduma sisi huku tunatupa. Ukienda Marikiti asubuhi utampata mama wa nduma amekaa na kisu anakwangua matope, majani yalishakatwa huko shambani yakaachiwa ng'ombe, na ukimuuliza "mama, majani iko?" anakuangalia kama mtu amepotea stendi. Mimi mwenyewe nimekula nduma na chai tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kujiuliza kama yale majani makubwa vile yanaliwa, mpaka nikaenda kukaa miaka miwili Auckland, Nyuzilandi, nafanya zamu ya usiku kwa ghala moja, na wengi wa wale tulikuwa nao kwa zamu walikuwa Watonga, watu wa visiwa vya Tonga huko Bahari ya Pasifiki. Saa nane usiku mzee mmoja anafungua foili, ndani kuna kitu kijani kimelainika kama sukuma ya jana, harufu ya tui inajaa chumba kizima, na mimi mtu wa bara nikasema hii si harufu ya Mombasa jamani, imefikaje huku?

Hiyo kitu inaitwa lu. Wenyewe wanaiandika lū, ile u unaivuta kidogo, na ni jina la majani yenyewe na la chakula pia. Unapanga majani ya nduma, unaweka nyama na kitunguu katikati, unamimina tui zito, unafunga, unapika pole pole masaa. Lu ya nyama ya ng'ombe ni lu pulu, ya kondoo ni lu sipi, ya kuku ni lu moa. Ukivuka kwenda Samoa jirani utapata ndugu yake anaitwa palusami. Nimeipika hapa Nairobi mara nyingi sasa, nimeharibu mara kadhaa, na nikaona heri niandike venye inafanywa, juu mtu akitafuta anapata maelekezo ya mtu ako na majani ya kununua yamefungwa tayari kwa friza, sisi hatuna hiyo.

Lakini nitangulize jambo moja. Yule mzee hakunifundisha kupika kwanza, alinifundisha kupakua kwanza. Kwao mtu anaweza kukusamehe lu yenye chumvi mingi lakini ukimpa sahani ya kwanza mtu asiyestahili, hiyo itaongelewa miaka. Hiyo nitafika, tuanze na majani.

Jani la nduma lina umbo la moyo, na ukiligeuza utaona shina halijashika pale kwenye ule mkato wa moyo, limeshika ndani kidogo ya jani lenyewe. Ukilimwagia maji yanakimbia juu yake kama shanga, hayalowi. Hayo ndiyo unataka. Kuna mmea mwingine unafanana sana, shina lake limeshika pale pale kwa mkato, huo pia watu kwingine hula majani yake yakipikwa sana, lakini kama hujui mimea usianze kubahatisha, na tafadhali usichume ua la mtu getini ukifikiri ni nduma, mengine ya mapambo ni sumu kabisa. Chagua majani machanga, yale yako kati ya kiganja na sahani. Yale makubwa yamekomaa utayatumia kwa nje tu.

Pahali pa kuyapata: muuzaji wa nduma yeyote ako na mtu wake wa shamba, mwambie akuletee majani kesho yake. Wangu mara ya kwanza alinipa bure akicheka, mara ya pili akaniuliza ni ya sungura, mara ya tatu alikuwa ameshaweka bei. Lakini muulize yanatoka wapi, na usikubali jibu la haraka haraka. Nduma inapenda maji, na hapa jijini kuna watu wanapanda kando ya mito inayopitisha sewa na maji ya viwanda, jani ni zuri linang'aa lakini limekunywa nini, Mungu anajua. Mimi sasa natoa yangu kwa shemeji yangu Dagoretti, ako na kipande huko chini penye chemchemi, ama naagiza kwa mtu akitoka Kirinyaga.

Sasa sikiliza hii kwa makini. Jani la nduma likiwa bichi, ama likiwa halijaiva vizuri, linawasha. Si kuwasha ya pilipili, ni kuwasha ya kukwaruza koo, manake ndani kuna vijisindano vidogo sana vya kalisiamu oksaleti, macho hayavioni lakini koo litaviona. Siku ya kwanza nilipika hapa, gesi ikaanza kuisha baada ya kama dakika arobaini, nikaangalia nikaona imelainika nikasema hii imeiva, nikapakua. Mama mkwe alikuwa amekuja. Akameza kijiko cha kwanza akanyamaza. Akashika shingo. Akaomba maji, halafu maziwa, halafu akaniuliza polepole, kwa heshima zote, kama kuna shida kati yangu na yeye. Tulilala tukikohoa wote. Kwa hivyo kulainika si kuiva. Mimi sai sitoi lu kwa moto kabla ya masaa mawili, majani yakiwa yamekomaa naenda mawili na nusu. Ukionja kidogo kwa ncha ya ulimi ukasikia hata mnyeo kidogo, rudisha. Na wakati unaosha vaa glavu ama jipake mafuta mikononi, wengine huwashwa hata ngozi. Kata shina lote, halafu kwa mgongo wa jani chonga ule mshipa mnene wa katikati uwe sawa na jani, hapo unapunguza kuwasha na pia jani linakunjika bila kupasuka.

Tui ndiyo nusu ya chakula, usiibanie. Nazi kavu, itikise usikie maji yanacheza ndani, isiyo na sauti achana nayo. Kama una mbuzi ya kukunia, kuna. Kama huna, na najua wengi huku bara hamna, toa nyama ya nazi, katakata, tia kwa blenda na maji ya vuguvugu nusu kikombe tu kwa kila nazi, saga, kamua kwa kitambaa safi. Hilo ndilo tui la kwanza, zito, na hilo peke yake ndilo linaingia kwa lu. Rudia na maji zaidi upate tui la pili, hilo chemshia viazi ama muhogo. Nazi mbili za wastani zinanitosha vifurushi vinne vya watu wakubwa. La pakiti linafaa kama halina sukari, la unga mimi sipendi, linaacha ladha ya chaki.

Nyama. Lu pulu unayoipata kwa Watonga wengi leo ni ya nyama ya mkebe, ile ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, na usishangae, hiyo mikebe kwao ni kitu cha heshima, watu wanapelekeana kwa arusi na kwa matanga kama sisi tunavyobeba sukari na unga. Mkebe wa gramu 340 unatosha vifurushi vinne. Usiongeze chumvi. Narudia, usiongeze chumvi, iko ya kutosha. Kata vitunguu viwili na nyanya mbili, changanya na nyama bila kuiponda sana. Ukitaka sipi, tafuta mbavu za kondoo zenye mafuta, Dagoretti karibu na machinjio utapata, mwambie fundi akate vipande vidogo vya mfupa mmoja mmoja, hiyo sasa unatia chumvi mwenyewe. Kabla ya meli za Wazungu hakukuwa na ng'ombe wala kondoo huko. Mababu wa Watonga walifika Tongatapu, kile kisiwa chao kikubwa, karibu miaka 2,800 iliyopita kwa mitumbwi, na kwa mitumbwi walibeba mimea yao, nduma ikiwa mojawapo, kwa hivyo jani ni la zamani sana, mkebe ndio mgeni.

Na hapa niseme kidogo manake watu huniuliza mbona chakula cha mbali hivyo kinafanana na cha pwani. Hao watu wa mitumbwi, ukifuata lugha zao nyuma, unafika visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, na ndugu zao wengine wa lugha walivuka Bahari ya Hindi wakaja upande wetu, ndio maana Kimalagasi cha Madagaska ni jamaa wa mbali wa Kitonga. Wanahistoria wengi husema hata ngalawa, ile yenye mbao za kuelea ubavuni, ufundi wake ulikuja na hao. Nduma nayo asili yake ni huko Asia. Ni kama jamaa wawili waliachana kwa stendi, mmoja akapanda gari ya Tonga, mwingine ya Lamu.

Kufunga sasa. Kata foili mraba kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Juu yake weka kipande cha jani la mgomba ulilobabua motoni, unalipitisha juu ya moto mpaka ling'ae na lilegee, usipolibabua litapasuka. Foili peke yake inafanya kazi lakini jani la mgomba linatia harufu, na kabla ya foili ndilo lilikuwa likitumika. Halafu panga majani ya nduma matano ama sita, makubwa chini, machanga juu, yakipishana bila kuacha nafasi. Beba yote kwa kiganja kama bakuli, na hii usiifanye kwa meza manake tui litakukimbia. Weka vijiko vitatu vikubwa vya nyama, mimina tui mpaka likaribie ukingo, kama robo tatu ya kikombe, kusanya ncha za majani katikati kama unafunga pesa kwa leso, halafu kunja jani la mgomba, halafu foili, kaza juu. Kifurushi kizuri kinakaa kama ngumi ya mtu mkubwa na hakivuji ukikiinamisha. Changu cha kwanza kilivuja yote, nikabaki na mboga ya kuchemsha na sufuria ya tui.

Kama unaishi kwa ploti, pika kwa sufuria. Katakata mashina ya majani ya mgomba uyapange chini ya sufuria kubwa kama venye wenye kupika matoke hufanya, maji yafike chini ya mashina tu, panga vifurushi wima, funika na majani, funika na kifuniko, weka jiwe juu. Makaa ni bora kuliko gesi kwa sababu ya muda. Kila nusu saa angalia maji. Mwenye ovena, digrii 180, masaa mawili, kwa trei yenye kingo manake kuna kile kimoja lazima kitavuja.

Lakini kama una pahali pa kuchimba, fanya 'umu. Hiyo ndiyo tanuri ya ardhini, na Polynesia, yaani visiwa vya upande huo wa Pasifiki, karibu yote wako nayo kwa njia zao, Wamaori wa Nyuzilandi wanaita hangi, Hawaii ni imu, Samoa wanasema umu pia ila yao mawe yanakaa juu ya ardhi na wanafunika kwa majani bila udongo. Ya Tonga inaingia shimoni. Mimi nilijaribu kwanza kwa rafiki Utawala na nakushauri usifanye hivyo, ule udongo mweusi wa pamba unashika maji, tulichimba shimo chini likatoa unyevu, mawe yakapoa kabla viazi havijajua kuna moto. Dagoretti penye udongo mwekundu ilikubali mara ya kwanza.

Shimo liwe upana wa hatua moja ya mtu mzima na kina cha kufika chini ya goti. Panga kuni kavu ndani kwa kukingamana, juu yake mawe. Mawe ndiyo kazi. Usitoe mtoni, na usitumie mawe ya kujengea yale laini ya kuchongwa, jiwe lenye maji ndani likipata moto linapasuka na kurusha vipande, si mchezo, jicho la mtu linaenda hivyo. Tafuta yale meusi mazito magumu ya volkeno, Nairobi yamejaa, ya ukubwa wa embe kubwa, yamekaa juani siku kadhaa. Na hata hivyo yakiwa motoni watoto wakae mbali. Washa, ngoja saa moja hadi moja na nusu mpaka kuni ziporomoke na mawe yaangukie chini yakiwa meupe meupe ya joto. Toa vijinga vyote vinavyotoa moshi, la sivyo chakula chote kitanuka jiko la kibanda. Sawazisha mawe kwa mti mrefu. Tandaza mashina ya mgomba mabichi, halafu viazi vikuu, muhogo, nduma zenyewe zilizomenywa, viazi vitamu, hivyo vigumu vikae karibu na mawe. Lu zinakaa juu. Kisha majani ya mgomba tabaka nne tano, kisha gunia lililoloweshwa, kisha udongo. Gunia liwe la katani. Shemeji yangu siku hiyo alileta lile la mahindi la nailoni, nikaligundua tayari amelitandika, tukalivuta nusu limeshaanza kujikunja kwa pembe. Baada ya udongo kaa uangalie, pahali mvuke unatoka ziba na koleo la udongo, ukishaona hautoki, enda zako.

Na hiyo "enda zako" ndiyo siri ya chakula chote. Kwa Watonga siku ya lu ni Jumapili. Katiba yao ya mwaka 1875, ya mfalme George Tupou I, ilitangaza Sabato kuwa takatifu milele, na mpaka leo Jumapili biashara nyingi zimefungwa, michezo hakuna, ni kanisa, kula, kulala. Kwa hivyo asubuhi wanaume wanawasha 'umu, moshi unatanda kijijini, wanafukia, wanaoga, wanavaa zile mkeka za kiunoni wanaita ta'ovala, wanaenda ibada. Chakula kinapika chenyewe mkiimba. Mkirudi mnafukua. Ibada za Nairobi mnazijua, ikianza saa nne ukarudi nyumbani saa saba kasoro, lu imefika vizuri bila mtu kuikalia. Sijaona mapishi yamepangwa vizuri na ratiba ya kanisa kuliko haya.

Umeona nimesema wanaume. Ndiyo, 'umu kwa Tonga ni kazi ya wanaume, kuchimba, kuwasha, kufukua. Shemeji aliposikia alicheka, kisha akaona ni yeye nimempa jembe.

Sasa kupakua. Tonga dada ana cheo juu ya ndugu yake wa kiume, na kwa hivyo mtu mwenye heshima kubwa kwako kwa familia si baba, si mjomba, ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Cheo hicho, yeye ama wa upande wake, kwenye sherehe kinaitwa fahu. Kwa arusi, kwa matanga, kwa birthdei ya mtoto, fahu anakaa pahali pa juu, anapata mikeka mizuri, anapata kile chakula bora, na hakuna wa kumuuliza. Baba naye nyumbani ana miiko yake, kwa desturi watoto hawamguzi kichwa wala hawali masalio ya sahani yake. Kwa hivyo ukipika lu na unataka kuifanya sawa sawa, ita shangazi. Mpakulie wa kwanza, kifurushi kizima hakijafunguliwa, afungue mwenyewe, ule mvuke wa kwanza ni wake. Kisha wageni na wachungaji, kisha wazee, kisha wengine, waliopika mwisho kabisa. Kabla ya yote sala, usisahau, na isiwe ile ya sekunde tatu.

Venye cheo kinafuata chakula utaiona zaidi kwa matanga yao. Wale jamaa wa cheo cha chini kwa marehemu wanaitwa liongi, wanavaa mikeka mikubwa iliyochakaa mpaka karibu inawafunika, na kazi yao ni huko nyuma kwa moto na moshi, kulisha watu, wakati fahu amekaa ndani karibu na kichwa cha maiti. Yaani mtu anaweza kuwa meneja wa benki Jumatatu, na Alhamisi akiwa msibani kwa upande wa baba yake ako nyuma ya nyumba anapasua kuni, na kesho msibani kwingine ni yeye amekaa juu. Cheo kinategemea umesimama upande gani wa nani. Mzee wangu wa ghala alisema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba kwao kila mtu ni mkubwa mahali na mdogo mahali, na moshi ndio unakuonyesha.

Hii ni ya zamani sana. Kapteni Cook, yule baharia Mwingereza, alipokuwa Tongatapu mwaka 1777 aliona sherehe ya 'inasi, watu wakileta viazi vikuu vya kwanza vya mavuno kwa Tu'i Tonga, yule mkuu aliyekuwa mtakatifu. Na hadithi yao ya kava, kile kinywaji cha mzizi wanaume hukaa duara wakinywa kwa vifuu vya nazi, ni hadithi ya njaa na mgeni. Mfalme alifika kisiwani 'Eueiki wakati wa ukame, mume na mke wa hapo, Fevanga na Fefafa, chakula chao pekee kilichobaki kilikuwa mmea mmoja wa kape, huo ni kama nduma lakini jitu, na mfalme bila kujua akakaa kivulini mwake, ukawa mwiko kuugusa. Hawakuwa na kitu kingine cha kumpa. Walikuwa na binti mmoja, Kava'onau, mgonjwa wa ukoma, wakamchinja wakamtia kwa 'umu. Mfalme alipojua hakula, akasema azikwe kwa heshima. Kaburini ikaota mimea miwili, kichwani kava, miguuni muwa, na panya akaonekana akila kava akayumba, akala muwa akasimama sawa. Ndiyo maana kava chungu na muwa vinaenda pamoja kwa sherehe za kifalme. Hadithi nzito, sikuelewa mara ya kwanza, nilidhani mzee ananitisha.

Turudi mezani manake lu peke yake haitoshi, tui ni zito unataka kitu chachu kando. Wao hupenda 'ota ika, samaki mbichi kwa ndimu na tui. Nairobi hapa kuwa mwangalifu sana. Samaki wa ziwa, tilapia ama mbuta, usile mbichi, kabisa. Tumia wa bahari, jodari ama nguru, aliyegandishwa kwa baridi kali ya digrii 20 chini ya sufuri siku saba, hiyo inaua minyoo, na ile friza ndogo ndani ya friji ya nyumbani usiitegemee. Ndimu inageuza nyama nyeupe lakini haiui kila kitu. Kama huna uhakika na samaki wako, mchovye kwa maji yanayochemka mpaka aive, mpoeshe, endelea, sitakusema kwa mtu. Kata vipande vya dadu, kamulia ndimu, ngoja dakika ishirini, mwaga ile juisi, changanya na tango, nyanya, kitunguu, hoho, pilipili kidogo, chumvi, tui la kwanza. Wenyeji hawatii dania, mimi natia, ni Nairobi. Ya kunywa ni 'otai, tikiti maji lililokwanguliwa kwa uma, nanasi ama embe, tui, maji baridi, watoto watamaliza ndoo.

Kuhusu mafuta niseme ukweli, hiki si chakula cha kila siku. Lu ya zamani ya samaki na mzizi na jani ni chakula kizuri tu, lakini mbavu za kondoo za bei rahisi na mikebe vimewaletea uzito na sukari, na wenyewe wanaongea wazi. Fiji mwaka 2000 ilipiga marufuku hizo mbavu. Tonga kwenyewe mfalme Taufa'ahau Tupou IV, aliyewahi kufika zaidi ya kilo 200 miaka ya 70, baadaye aliongoza watu wake kwa mashindano ya kupunguza uzito, akapunguza na yeye. Mimi naweka nusu ya nyama na kuongeza jani, naona hata ladha inakuwa bora, ila mzee wangu angesema hiyo ni lu ya mtu ako na deni.

Kitu ya mwisho, pika zaidi ya watu wako. Hakuna mgeni wa Kitonga anatoka mikono mitupu, vifurushi vinabebwa, ndiyo maana vinafungwa kimoja kimoja na havipikwi kwa sufuria moja kubwa kama mboga yetu. Lu ya kesho yake ni tamu kuliko ya leo, ipashe na mvuke tu. Siku ile ya Dagoretti shangazi ya mume wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, tulimkalisha kiti cha mbele, tukampa kifurushi cha kwanza, shemeji akiwa ameshika jembe na majivu mpaka kwa nyusi akangoja nyuma. Shangazi akafungua foili, akanusa, akauliza nani alisema nianze mimi. Nikamwambia ndiyo desturi ya wenye hiki chakula, dada ya baba anatangulia. Akala chote, hakuongea. Alipotoka alibeba vitatu kwa kiondo, na wiki iliyofuata akanipigia simu kuuliza siku ya majani ni lini tena, ameshawaambia watu wa kwake wasiwape ng'ombe.